Anza na Risiti ya Tokeni: Faida na Hatari za Kuchimba Sarafu kwa Kadi za Grafiki Nairobi

Kabla hujashuka Luthuli Avenue kutafuta kadi ya grafiki ya kompyuta, kabla hujamuuliza mtu yeyote bei ya sarafu leo, fungua simu utafute ujumbe wa mwisho wa tokeni za stima. Chukua shilingi ulizolipa, gawanya kwa yuniti ulizopewa. Hiyo ndiyo namba ya kwanza ya biashara hii ya kuchimba sarafu za kidijitali, yaani kuiacha kompyuta ifanye hesabu za mtandao wa sarafu ili ulipwe kwa sarafu hizo, na hapa Nairobi ndiyo nzito kuliko zote. Mimi nilianza mwaka 2021 bila kuijua. Bei ya sarafu ya Ethereum niliifahamu asubuhi, mchana na jioni. Bei ya yuniti moja ya stima niliikisia tu. Kukisia huko kulinigharimu pesa ambazo zingelipa karo, na ndiyo maana naandika haya kwa yeyote anayefikiria kuwasha mashine au ambaye tayari zinanguruma sebuleni.

Jua kwanza uko wakati gani

Bitcoin haichimbwi tena kwa kadi za grafiki. Zamani ilishahamia kwenye mashine maalum, zile ASIC, zisizoweza kazi nyingine yoyote. Enzi ya kadi ilikuwa Ethereum, na enzi hiyo iliisha tarehe 15 Septemba 2022, mtandao wake ulipohamia mfumo usiohitaji wachimbaji. Tukio hilo wanaliita Merge. Siku hiyo hiyo kadi za dunia nzima zilikimbilia sarafu chache zilizobaki: Ethereum Classic, Ravencoin, Ergo. Sasa fikiria sufuria moja ya ugali iliyopikwa kwa watu kumi, halafu kijiji kizima kinaingia mlangoni. Malipo ambayo mtandao hutoa kwa siku hayakuongezeka. Walioongezeka ni wa kugawana.

Nilikuwa na kadi nne za RTX 3070, nyumbani mtaa wa Umoja, kwenye rafu ya mbao karibu na dirisha. Kufikia jioni ile, mapato ya siku yalikuwa yameshuka chini ya gharama ya stima. Niliziacha ziwake wiki tatu zaidi nikingoja bei ipande. Haikupanda. Kila tokeni niliyonunua wiki zile nilikuwa naichoma.

Nitasema wazi: tangu wakati huo, kwa bei ya stima ya nyumbani Nairobi, kadi nyingi kwa siku nyingi hazilipi stima yake. Zipo siku zinazolipa, sarafu fulani ikipanda kabla wachimbaji hawajajazana kwake. Basi kazi yako ni kujua, kwa namba na si kwa moyo, leo ni siku gani.

Hatua ya kwanza: bei halisi ya yuniti

Usichukue bei unayolipa sasa ukaitumia kwa hesabu ya kesho. Viwango vya stima ya nyumbani vimegawanywa kwa matumizi: anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, anayetumia kati ya 30 na 100, na anayezidi 100. Kundi lako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Mtu mwenye taa, televisheni na friji ndogo anatumia yuniti 60 au 70, anaona bei nafuu, anajenga hesabu ya uchimbaji juu yake. Mashine ikianza kula yuniti 15 kwa siku, anapandishwa kundi, na bei mpya inagusa yuniti zote, hata za kuchemsha chai ya watoto. Hesabu tangu mwanzo kwa bei ya kundi la juu.

Juu ya bei ya msingi kuna nyongeza ya mafuta, ya kubadilika kwa dola, tozo kadhaa na VAT ya asilimia 16. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza nyongeza hizo mwezi kwa mwezi, kwa hiyo risiti ya Januari haikuambii ya Aprili. Rudia mgawanyo ule kila unaponunua tokeni.

Wanaoishi ploti zenye mita ndogo za mwenye nyumba wana jambo jingine. Mara nyingi yuniti mnayouziwa ni ghali kuliko ya kampuni, na matumizi yako yanaonekana. Mama mwenye ploti yetu alinigongea Jumapili moja baada ya ibada. “Kijana, unachomea vyuma ndani ya nyumba yangu?” Nilimkaribisha, nikamwonyesha mashine, nikamweleza, nikamlipa mbele tokeni za mwezi. Angenifukuza angekuwa na haki. Ongea na mwenye nyumba kabla hujawasha, si baada ya mita kumshtua.

Na wale wanaofaidi uchimbaji humu nchini? Wengi wao hawako kwenye tokeni. Kampuni ya Gridless huchimba Bitcoin kwa umeme wa ziada wa mitambo midogo ya maji vijijini, umeme ambao usingepata mnunuzi. Hilo linakufundisha mahali faida ilipo: kwenye umeme usio na mtu wa kuununua. Ukiwa na sola iliyokwisha kujilipa, nayo mchana inazalisha kuliko unavyotumia, una nafasi ndogo ya aina hiyo hiyo. Paneli ya wati 550 Nairobi hukupa takriban yuniti 2 siku ya jua zuri, na pungufu zaidi mawingu ya Juni hadi Agosti yakitanda. Washa saa za jua tu. Usinunue betri kwa ajili ya kuchimba usiku. Bei ya betri itakula kila kitu.

Hatua ya pili: pima ukutani, kisha punguza

Programu ya uchimbaji hukuonyesha wati za kadi peke yake. Haihesabu pawa saplai inayopoteza joto, feni, ubao mama, wala raiza, kile kipande kinachounganisha kadi na ubao mama. Nunua kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Kama huna, zima kila kitu kingine ndani ya nyumba, andika yuniti zilizobaki kwenye kibodi ya mita, acha mashine iwake kwa muda wa saa nne, andika tena. Tofauti igawanye kwa nne, zidisha kwa elfu, umepata wati.

Mashine yangu ilisoma karibu wati 900 kadi zikiwa kama zilivyotoka dukani. Ndipo nikaanza kupunguza: kikomo cha nguvu kwenye kadi, asilimia tano kila mara, nikingoja dakika kumi na tano na kuandika kasi ya hashi, yaani hesabu ambazo kadi hufanya kwa sekunde, na wati za ukutani kwenye daftari. Nilifika wati 620, na kasi ikawa imepungua kwa asilimia nne tu. Wati 280 zilizookolewa ni yuniti 6.72 kwa siku. Kwa shilingi 28 kwa yuniti, hizo ni shilingi 188 kila siku, bila kununua chochote. Sijaona kitu kingine katika kazi hii kinacholipa hivyo kwa jioni moja ya uvumilivu.

Angalia tu sarafu unayochimba. Etchash, aina ya hesabu inayotumiwa na Ethereum Classic, hutegemea sana kasi ya kumbukumbu ya kadi, kwa hiyo unaweza kubana sana kiini, yaani prosesa ya kadi, bila kuumia. KAWPOW, hesabu ya Ravencoin, hukikamua kiini chenyewe. Ukibana, kasi inaanguka haraka. Pima upya kila unapobadilisha sarafu.

Hatua ya tatu: hesabu mbili, usizichanganye

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea, kwa hiyo twende polepole.

Hesabu ya kwanza ni ya kuwasha au kuzima leo. Wati 620 kwa saa 24 ni yuniti 14.88. Kwa shilingi 28, ni shilingi 417 kwa siku, karibu 12,500 kwa mwezi. Sasa makato: puli, ambayo ni kama chama cha wachimbaji wanaounganisha nguvu na kugawana, hukata karibu asilimia moja, programu ya kuchimbia nayo karibu asilimia moja, kubadilisha sarafu hadi shilingi mkononi weka asilimia tatu. Kwa hiyo mapato ghafi yanatakiwa kufika shilingi 438 kwa siku ndipo ulingane na stima. Chini ya hapo, zima. Bei uliyonunulia kadi haiingii katika hesabu hii hata kidogo. Pesa ile imeshaenda. Kuwasha mashine kwa hasara hakuirudishi.

Hesabu ya pili ni ya kununua au kutonunua kadi. Hapa bei ya kadi inaingia, lakini si yote: kinachoingia ni thamani itakayopotea. Tuseme unanunua kadi ya mkono wa pili kwa shilingi 30,000, na unaamini baada ya mwaka utaiuza 22,000. Umepoteza 8,000. Kadi nne ni 32,000, sawa na shilingi 88 kwa siku. Ongeza kwenye stima, na sasa mapato ghafi yanayohitajika ni kama 530 kwa siku, si leo peke yake bali wastani wa mwaka mzima. Ukiona kikokotoo cha WhatToMine kinakuonyesha 540 leo, usikimbie dukani. Kikokotoo kinakuambia habari ya leo. Ugumu wa mtandao, yaani ugumu wa hesabu unaopanda wachimbaji wakiongezeka, ukipanda kesho, namba inashuka hata kama bei ya sarafu haijatikisika.

Kumbuka kwamba sarafu zinahesabiwa kwa dola na tokeni unanunua kwa shilingi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 160; baada ya wiki chache ikateremka hadi karibu 130. Mashine inayoleta dola 3 kwa siku ilitoka shilingi 480 hadi 390. Ilikuwa inalipa tokeni za shilingi 417, ikaacha kulipa, na mchimbaji aliyekodolea dola tu macho hakuona kilichotokea.

Kuna mtu atasema: nachimba kwa hasara sasa, sarafu itapanda baadaye. Mwambie atulie ahesabu. Ukiteketeza tokeni za 417 kupata sarafu za thamani ya 300, umenunua sarafu za 300 kwa 417. Kama kweli unaiamini hiyo sarafu, peleka zile 417 sokoni ukainunue. Utapata nyingi zaidi, kadi itapumzika, na jirani atalala.

Andika namba tatu kwenye karatasi, ibandike ukutani juu ya mashine: bei ya yuniti, mapato ya kulingana na stima, na bei ya kuuzia kadi mwezi huu. Mapato yakikaa chini ya mstari siku tatu mfululizo, unazima.

Hatua ya nne: moto

Hatari ya bei itakula akiba yako. Hatari ya waya inaweza kula nyumba, na jirani wa juu, na mtoto wake.

Usiku mmoja wa Machi niliamshwa na harufu kama ya plastiki iliyowekwa juu ya jiko. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, feni zikivuma. Niligusa waya mmoja baada ya mwingine. Ule wa SATA uliolisha raiza ya tatu ulikuwa umelainika, kichwa chake cheupe kimekuwa kahawia kama mkate ulioungua ukingoni, na pini moja imezama ndani. Sababu yake ni rahisi: kichwa cha SATA kimekusudiwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, na raiza inaweza kuvuta hadi 75. Kinabeba, kinabeba, kisha siku moja kinayeyuka. Tumia waya wa pini sita unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na usiunganishe raiza mbili kwenye waya mmoja kwa sababu tu vichwa vinatosha.

Pawa saplai usiipakie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Mashine ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni ya bei rahisi yenye waya mwembamba kama uzi. Mwite fundi wa stima mwenye leseni akuwekee laini yake na breka yake. Stima ya Nairobi hukatika na kurudi kwa kishindo, na kurudi ndiko kunakoua vifaa, kwa hiyo weka kinga ya volti inayongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilizama gizani, hata uwanja wa JKIA. Saa kama hizo hazikuingizii kitu, lakini hazikupi hasara ya tokeni. Hasara iko kwenye ule mshtuko wa kuwaka.

Joto nalo. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Feni inasukuma hewa ile ile kwa macho, lakini inabeba joto pungufu. Baridi ya Julai hukusaidia. Februari chini ya paa la mabati hukuumbua. Angalia joto la kumbukumbu ya kadi, si la kiini peke yake. Kadi zenye kumbukumbu ya aina ya GDDR6X hujipunguza zenyewe zikifika nyuzi 110. Usingoje zifike huko, zibakize chini ya 95. Vumbi lipulize kila mwezi, kila wiki mbili kama unakaa karibu na barabara isiyo na lami.

Hatua ya tano: kama hesabu imekubali, nunua kadi kwa macho

Kadi nyingi za mkono wa pili zilizoko Luthuli na Moi Avenue zilishachimba mahali fulani. Hilo peke yake si kosa. Kadi iliyobanwa nguvu na kupoozwa vizuri hudumu kuliko ya mcheza michezo aliyeichemsha. Muulize muuzaji akuruhusu kuijaribu nusu saa ikiwa na mzigo kamili, ukitazama joto na makosa ya kumbukumbu. Asiyekubali, mwache. Sikiliza feni moja moja. Tazama skrubu kama zimekwaruzwa na pedi za joto kama zinavuja mafuta.

Kadi za RX 580 zina mtego: kuna toleo linaloitwa 2048SP, ambalo kwa undani ni sawa na RX 570, na huuzwa kwa jina la kaka yake. Soma kwa programu ya GPU-Z kabla ya kulipa. Na kadi ya GB 4 usinunue kwa kazi hii hata ikiwa bei ya kutupa: faili linalopakiwa kwenye kumbukumbu huzidi kukua, na Desemba 2020 lilianza kuzifungia nje ya Ethereum kadi za GB 4.

Chagua kadi ambayo mhariri wa video au mchezaji wa FIFA ataitaka baada yako. Hiyo ndiyo bima yako.

Mtu akikupa mpango wa kuchimba “wingu,” ulipe tu upokee asilimia fulani kila siku, jiulize jambo moja. Umeona mwenyewe kwamba mapato hubadilika kila siku kwa ugumu wa mtandao na bei. Nani basi anaweza kuahidi kiasi kisichobadilika? Usitume hata shilingi mia.

Hatua ya sita: uza ya stima kwanza

Kila Ijumaa, uza sarafu za kutosha tokeni za wiki ijayo, bila kujadiliana na nafsi yako. Kinachobaki ndicho unachoweza kukiweka. Weka kiwango cha malipo cha puli chini ili pesa zisilale kwao, na uhamishie pochi yako mwenyewe ya kidijitali. Mwaka 2017, mwezi wa Desemba, NiceHash, soko la mtandaoni la nguvu za kuchimba, iliibiwa takriban bitcoin 4,700, zikiwemo za wachimbaji waliokuwa wanangoja kulipwa. Maneno ya siri ya pochi yaandike kwa kalamu. Picha kwenye simu ni kama kubandika kadi ya benki mlangoni.

Ukiuziana na mtu kwa M-Pesa, usiamini ujumbe wa simu. Fungua salio lako uone. Jina lililotuma lifanane herufi kwa herufi na jina la mnunuzi kwenye soko la mtandaoni la sarafu. Akisema “nimetumia simu ya kaka yangu,” rudisha pesa, funga mauzo. Huenda huyo kaka ni mtu aliyeibiwa, na kesho pesa zitadaiwa kutoka kwako.

Weka daftari la tarehe, sarafu, bei kwa shilingi na tokeni ulizonunua, kwa sababu faida ya uchimbaji ni mapato kama mapato mengine mbele ya KRA, mamlaka ya kodi. Ile kodi ya asilimia 3 kwa mali za kidijitali iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na masoko. Oktoba 2025 Rais alitia saini sheria ya watoa huduma za mali hizo, usimamizi ukiwa kwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tumia soko linalofuata sheria hiyo hata kama ada yake ni juu kidogo.

Na siku ya kuuza kadi

Itafika. Safisha kwa brashi laini, badilisha pasta ya joto, rudisha mipangilio ya kiwandani, na mwambie mnunuzi ukweli kwamba ilichimba. Uza moja moja, ukianza na ile inayokula wati nyingi kwa hashi chache. Kadi yangu ya mwisho kati ya zile nne ilichukuliwa na kijana wa Roysambu anayehariri video za harusi. Nilimwachia ajaribu dakika arobaini mezani kwangu, akanilipa shilingi 24,000. Nilipochomoa waya, nyumba ilinyamaza kiasi kwamba nilisikia friji.